Kipya, Kikuukuu na Ulimi wa Muuzaji

Watu wengi hudhani kwamba maswali ya haki yamo katika mambo makubwa tu: katika utawala, vita, urithi na ndoa. Jambo dogo huachiwa mfuko na tamaa. Lakini uaminifu haupimwi kwa ukubwa wa kitu kinachopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Hupimwa kwa nafasi aliyo nayo mtu ya kudanganya asigundulike. Kwa kipimo hicho, kitu cha mchezo chaweza kuwa mtihani mkali kuliko shamba; kwani shamba lina majirani, mipaka na hati, na kitu cha mchezo aghalabu hakina shahidi ila yule aliyekichezea.

Nachukua mfano wa gari dogo linaloongozwa kwa redio, la aina iitwayo bagi, ambalo limeundwa ili likimbie juu ya udongo, matuta na miruko, na ambalo huendeshwa kwa injini ya nitro. Mchezo huu una wapenzi wengi katika Japani, Ulaya na Marekani, na magari yake mashuhuri, kama Inferno ya Kyosho na MBX ya Mugen Seiki, hutoka kwa Wajapani. Anayetaka kuingia katika mchezo huu hukutana mapema na swali moja: anunue gari jipya au kikuukuu? Swali hilo huulizwa kama swali la fedha. Nia yangu ni kuonyesha kwamba chini ya fedha lina swali jingine, nalo ni hili: mtu anayejua ana deni gani kwa mtu asiyejua?

Hatuwezi kulijibu bila ya kukijua kitu chenyewe. Bagi ya mashindano ni sehemu moja ya nane ya gari halisi kwa kipimo. Kanuni za mashindano ya dunia, yanayosimamiwa na shirikisho la IFMAR, hutaka uzito wake usipungue kilo 3.2, injini yake isizidi sentimita za ujazo 3.5, na tangi lake lisichukue zaidi ya sentimita za ujazo 125. Injini hiyo, ambayo hukaa katika kiganja cha mtu mzima, huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, na gari hukimbia kilomita 60 au zaidi kwa saa. Haichomi petroli. Huchoma mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha. Nitromethani ina oksijeni ndani yake yenyewe, kwa hiyo huiwezesha injini kuchoma zaidi kuliko hewa iliyovutwa ingevyoruhusu. Plagi yake haitoi cheche kama ya motokaa. Ina uzi mwembamba wa platini, ambao huwashwa kwa betri ndogo wakati wa kuanza tu. Baadaye joto la mgandamizo, pamoja na tabia ya platini mbele ya methanoli, huufanya uwe mwekundu wenyewe. Plagi ya namna hii ilianza kuuzwa katika Marekani na Ray Arden mwaka 1947, na tangu hapo injini ndogo zikaachana na mzigo wa nyaya na koili.

Lakini kiini cha habari yetu kimo mahali pasipoonekana. Pistoni ya injini hii haina ringi. Ni aluminiamu tupu, nayo hupanda na kushuka ndani ya silinda ya aina ya shaba iliyopakwa kromu. Silinda hiyo ni nyembamba kidogo juu kuliko chini, hata injini mpya ikiwa baridi pistoni hubanwa inapofika kileleni, na mkono unaoizungusha flaiwili huhisi mkazo. Injini ipatapo joto la kazi, shaba hutanuka kuliko pistoni, na nafasi baina yao huwa kama ilivyokusudiwa. Mkazo ule wa kileleni ndio umri wa injini. Kila tangi linapochomwa hupungua kidogo, na ukiisha, injini hukataa kuwaka ikiwa moto, au huwaka na kuzimika. Mafuta ya kulainisha yamo ndani ya mafuta ya kuwakia. Kwa hiyo dereva apunguzaye mafuta ili apate kasi zaidi huipunguzia injini ulaini na kuiongezea joto kwa wakati mmoja. Alasiri moja ya uendeshaji wa namna hiyo yaweza kula maisha ambayo matunzo mema yangeyahifadhi kwa muda mrefu. Vumbi lipitalo katika chujio lisilopakwa mafuta hufanya vivyo hivyo. Na baada ya mchezo, injini isipomalizwa mafuta yake na kutiwa ya kuihifadhi, methanoli huvuta unyevu, mabaki ya mwako huwa na ukali, na beringi za ndani huanza kutu kimya kimya kabatini.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mabawa yaliyokwaruzwa, matairi yaliyolika na chesisi iliyosuguliwa na mawe huonwa na kila mwenye macho. Lakini ile alasiri ya joto, lile vumbi, ile miezi ya kabatini, haviandikwi juu ya gari. Vimeandikwa katika kumbukumbu ya mtu mmoja, naye ndiye anayeuza.

Sasa tusikilize kwanza hoja ya wapendao kipya. Wanasema kwamba kipya hakina siri. Anunuaye gari jipya huanza historia yake kwa mkono wake mwenyewe; huizoeza injini polepole, kwa mafuta mengi na mwendo wa kiasi, akiipasha joto na kuiacha ipoe, hata pistoni na silinda zipatane. Hoja hii ina nguvu, lakini husifu kipya kwa jambo ambalo si lake. Kipya hakina siri kwa sababu bado hakijaishi. Ubora wake ni ahadi, wala si ushahidi. Mwanafunzi asiye na mwalimu aweza kuiharibu injini mpya kabla ya kumaliza chupa ya kwanza ya mafuta, na hapo atakuwa amelipa bei ya usafi na kupata uchakavu. Tena bei iliyobandikwa dukani si bei yote. Kuna plagi, chujio, chombo cha kuwashia, betri, mafuta, vifaa vya kufungulia, na mara nyingine redio na injini yenyewe, kwa kuwa magari mengi ya mashindano huuzwa vipande vipande bila ya viwili hivyo. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo haimkatazi mtu kupenda kipya. Humwonya asidhani kwamba unyemi ni dalili ya afya.

Wapendao kikuukuu nao wana hoja zao. Bei yake ni ndogo, na mara nyingi huja pamoja na sanduku la spea, matairi na vifaa ambavyo mwenyewe alivikusanya kwa miaka. Injini iliyozoezwa vyema na mjuzi ni rahisi kuwasha kuliko mpya. Kisha, tangu mota za umeme zisizo na brashi na betri za lithiamu zilipoenea, wachezaji wengi wameiacha nitro kwa ajili ya umeme, na magari yao mazuri yamebaki kabatini. Kuna wema katika kukirudisha kazini kitu kilichoundwa kwa ustadi, badala ya kuitaka dunia iunde kingine. Hoja hizi nazikubali. Lakini zote husimama juu ya sharti moja: kwamba mnunuzi ajue anachonunua. Akikosa kujua, urahisi wa bei si urahisi. Ni malipo ya kwanza tu ya deni asilolijua mwisho wake. Na gari ambalo spea zake haziundwi tena laweza kuwa zima leo na pambo la rafu kesho, kwa kuvunjika mkono mmoja wa plastiki.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala mashuhuri juu ya soko la motokaa zilizotumika. Alionyesha kwamba pale ambapo muuzaji anajua na mnunuzi hajui, mnunuzi hulazimika kutoa bei ya kati, kwa kuwa hawezi kupambanua zima na bovu. Bei hiyo huwafukuza wenye magari mazuri, kwani wao huona hasara kuuza kwayo, na huwavuta wenye mabovu, ambao kwao ni faida. Soko huzidi kuharibika, na mwisho laweza kufa. Mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobeli ya Uchumi kwa kazi ya namna hii. Wanafunzi husoma makala hiyo kama somo la bei. Mimi naona ndani yake somo la maadili pia. Muuzaji anyamazaye juu ya ubovu wa kitu chake hamwibii mnunuzi mmoja tu. Huwaibia wauzaji wote waaminifu watakaomfuata, kwa kuwa huwafundisha wanunuzi kutoamini neno lolote. Mwongo hutumia imani ambayo wengine waliiweka akiba.

Lakini je, kunyamaza ni uwongo? Hapa ndipo penye ugumu. Cicero, Mrumi, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alieleza habari ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Iskanderia hadi Rhodes wakati wa njaa. Alijua kwamba merikebu nyingine zilizojaa nafaka zilikuwa njiani, na watu wa Rhodes hawakujua. Awaambie, au anyamaze na kuuza kwa bei kubwa? Cicero aliwaweka wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli alisema kwamba muuzaji hutakiwa kutaja dosari ambazo sheria humwamuru, na asitumie hila. Zaidi ya hapo, kutosema si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, alisema kwamba mnunuzi asibaki gizani kwa jambo lolote alijualo muuzaji, kwa kuwa wanadamu ni jamii moja na manufaa yao ni mamoja. Cicero mwenyewe aliamua kwamba mfanyabiashara yule hakupasa kuficha.

Mafundisho ya Uislamu, ambayo pwani yetu imeyajua kwa karne nyingi, yaliliweka jambo hili katika sheria ya biashara. Mnunuzi akigundua dosari ya zamani ambayo hakuambiwa, ana hiari ya kukirudisha kitu. Na habari ya Mtume kutia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini, inajulikana na kila aliyekaa chuoni. Dosari hiyo katika fikihi huitwa aibu. Neno hilo la Kiarabu hubeba maana mbili, kasoro ya kitu na fedheha ya mtu, na Waswahili tumeishika zaidi ile ya pili. Maana hizo mbili hukutana hasa katika biashara: kasoro ya kitu ikifichwa, hugeuka kuwa fedheha ya aliyeificha.

Sheria za siku hizi, kwa upande mwingine, husimama karibu na Diogenes. Katika Uingereza mfanyabiashara hutakiwa auze kitu chenye ubora wa kuridhisha. Lakini mtu binafsi auzaye gari lake la mchezo hadaiwi ubora huo. Hudaiwa kwamba kitu kiwe chake kukiuza, na kilingane na maelezo aliyoyatoa. Tazama matokeo yake: aelezaye sana huweza kushtakiwa, na anyamazaye huwa salama. Sheria haina lawama kwa hili, kwani haiwezi kuingia katika kila kabati. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mahali sheria inapokoma sipo mahali wajibu unapokoma.

Yuko atakayesema, «Mnunuzi ana macho na mikono, na akague.» Maneno haya yana sehemu ya haki, na ili tusiyakatae yote wala tusiyakubali yote, tugawe habari za kitu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni habari ambazo jicho huziona: nyufa, mikwaruzo, shokapu zinazovuja, gia iliyolika meno. Fungu la pili ni zile zinazopatikana kwa jaribio: plagi ikiwamo na injini ikiwa baridi, izungushwe kwa mkono ili mkazo wa kileleni uhisiwe, difu zizungushwe na kusikilizwa, klachi itazamwe, injini iwashwe, ipate moto, izimwe, kisha iwashwe tena. Fungu la tatu ni habari ambazo wakati uliopita peke yake ndio unazijua: imechoma mafuta kiasi gani, imewahi kupata joto kupita kiasi, imelala kabatini kwa muda gani. Fungu la kwanza ni deni la mnunuzi juu ya nafsi yake. Asipotazama, amlaumu nani? Fungu la pili ni deni la wote wawili: mnunuzi aombe jaribio, na muuzaji asilizuie. Lakini fungu la tatu ni deni la muuzaji peke yake, kwa kuwa hakuna mwingine awezaye kulilipa. Kumwambia mnunuzi akague mambo yasiyokagulika ni kumdhihaki.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi mpaka ulivyo mwembamba. Silinda iliyopoteza mkazo yaweza kubanwa upya juu kwa kifaa maalumu, nao mkazo hurudi kwa muda. Si tendo la hila. Mafundi hulifanya wazi ili kuipa injini siku za ziada, nayo ni matumizi mazuri ya ustadi. Lakini muuzaji aliyebana silinda wiki iliyopita, akamwacha mnunuzi aizungushe flaiwili, ahisi mkazo na kutabasamu, amegeuza jaribio lenyewe kuwa shahidi wa uwongo. Mkono uliotengeneza ni ule ule na kifaa ni kile kile. Kilichotenga uungwana na ulaghai ni sentensi moja iliyosemwa au isiyosemwa. Basi haitoshi kumwuliza muuzaji kama alidanganya kwa ulimi. Yampasa ajiulize kama aliyajenga makosa katika akili ya mwenziwe na kuyaacha yakae humo kwa faida yake.

Na mambo hayaishii katika fedha. Kilo tatu na zaidi zikienda kilomita 60 kwa saa zaweza kuvunja mguu wa mtoto. Gari jema lina ulinzi ambao hufunga mafuta na kushika breki mawasiliano ya redio yanapokatika. Muuzaji anayejua kwamba ulinzi huo haufanyi kazi, naye akanyamaza, amekwenda mbali kuliko soko. Methanoli ni sumu, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Hata mafuta yanahitaji maelezo: katika Umoja wa Ulaya kanuni Na. 2019/1148, iliyoanza kutumika mwaka 2021, huzuia watu wa kawaida kupata mchanganyiko wenye nitromethani zaidi ya asilimia 16, isipokuwa kwa leseni pale nchi inapoitoa, kwa kuwa nitromethani yaweza kuundiwa baruti. Injini iliyozoea asilimia 25 itahitaji kurekebishwa upya, na chupa iliyobaki kabatini si zawadi ya kumpa mnunuzi bila ya neno.

Kuna upande mmoja husahauliwa. Tumesema juu ya muuzaji kana kwamba yeye ndiye ajuaye siku zote. Huenda ikawa kinyume. Mjane huuza vitu vya marehemu mumewe. Mzazi huuza gari la mwana aliyekwenda mbali. Hawajui kwamba ndani ya sanduku lile mna injini ya thamani kuliko gari zima. Mnunuzi anajua. Walio wakali kabisa katika kudai ukweli wa muuzaji mara nyingi huwa wepesi sana kuuita ukimya wao wenyewe bahati. Cicero anamtaja Scaevola, aliyetajiwa bei ya shamba akasema lina thamani zaidi, akaongeza sesteri 100,000. Labda si kila mtu atakwenda umbali huo, na wengine walimwona si mwenye busara. Lakini kanuni ni moja: kama ujuzi ni deni kwa muuzaji, ni deni kwa mnunuzi pia. Asiyeweza kuikubali kanuni inapomkata yeye hakuipenda haki, alipenda kulindwa.

Basi, kipya au kikuukuu? Asiye na mwalimu na asiyemjua muuzaji, na anunue kipya, akijua kwamba ananunua wajibu wa kujifunza na si salama ya milele. Aliye na rafiki mjuzi, na akampata muuzaji anayeiwasha injini mbele yake na kutaja makosa kabla ya kuulizwa, achukue kikuukuu bila ya hofu; atakuwa amepata gari pamoja na historia yake, kitu ambacho duka haliwezi kuuza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye gari aandikaye kila chupa ya mafuta aliyoichoma hujiandalia siku ya kuuza kwa uso mweupe. Tena mnunuzi aelewe kwamba ukweli una bei. Muuzaji akisema kwamba beringi zimechoka, asitumie neno hilo kumpokonya nusu ya bei. Apunguze gharama ya beringi na amshukuru. Tukimwadhibu kila asemaye kweli, tusishangae siku soko litakapojaa mabubu.

Vitu vyote vitakuwa vikuukuu, na kila mnunuzi wa leo ni muuzaji wa kesho. Aliyeinunua bagi ikiwa mpya atafika siku moja mbele ya mtu mgeni, injini mkononi, na mgeni yule ataizungusha flaiwili polepole na kuuliza, «Imechoma chupa ngapi?» Hapo ndipo swali la kipya na kikuukuu linapojibiwa kwa kweli.